Kiti cha Pittwater: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ngome iliyovunjwa mara mbili

Ukurasa huu ni kwa anayefuatilia siasa za Australia na kila mara anakutana na jina la Pittwater, kiti kilichoitwa salama kwa miaka hamsini na bado kimempokonya mwenyewe, chama cha Liberal, tonge mdomoni mara mbili. Majibu yanaishia mwishoni mwa 2025.

Pittwater ni wapi, na kiti hiki ni cha bunge gani?

Ni ncha ya kaskazini ya jiji la Sydney. Ukiondoka katikati ya jiji, ukavuka daraja la Spit na kuendelea kaskazini kwa barabara ya pwani, unapita Narrabeen, Mona Vale, Newport na Avalon Beach, mpaka ardhi inakwisha Palm Beach, umbali wa kilomita 40 hivi. Upande wa mashariki ni bahari kuu na mawimbi ya kuteleza kwa ubao. Magharibi ni maji tulivu ya hori la Pittwater, ambalo Gavana Arthur Phillip alilipa jina la waziri mkuu wa Uingereza, William Pitt, mwaka 1788. Juu ya kilima cha Barrenjoey umesimama mnara wa taa wa mwaka 1881. Hakuna reli. Kuna wapiga kura wanaoishi Scotland Island, kisiwa kisicho na daraja, ambao hutoka nyumbani kwa boti mpaka Church Point na hapo ndipo wanapopigania nafasi ya kuegesha gari.

Kiti chenyewe ni cha Bunge la New South Wales, si cha Bunge la shirikisho lililoko Canberra. Baraza la chini la New South Wales lina viti 93, kimoja kimoja kwa kila eneo, na serikali huundwa na anayepata wingi humo. Eneo hilohilo la kaskazini, likijumlishwa na majirani zake, hupeleka pia mbunge Canberra kupitia kiti cha Mackellar. Watu huchanganya viti hivi viwili, na si kosa lao, kwa sababu hadithi zake zimefungamana.

Liberal ndio waliberali?

Hapana, si kwa maana ambayo neno hilo limezoeleka kwingine. Chama cha Liberal cha Australia, kilichoundwa chini ya Robert Menzies katikati ya miaka ya 1940, ndicho chama kikuu cha mrengo wa kulia: wafanyabiashara, wenye nyumba, kodi ndogo. Huungana na chama cha National cha mashambani. Labor ndicho chama cha vyama vya wafanyakazi.

Wanaposema kiti ni "salama" wanapima kwa kipimo gani?

Wanatazama raundi ya mwisho ya kuhesabu, wagombea wakiwa wamebaki wawili. Ukishinda kwa 60 kwa 40, wachambuzi wa Australia hawasemi umeshinda kwa 20. Wanasema akiba yako ni asilimia 10, kwa sababu watu kumi tu katika kila mia wakihama kutoka kwako kwenda kwa mwenzako mnakuwa sare. Akiba ikiwa chini ya asilimia 6 kiti kinaitwa cha ushindani, kati ya 6 na 10 kina usalama wa wastani, na ikizidi 10 ni salama.

Kwa kipimo hicho Pittwater haikuwa salama tu, ilikuwa imefungwa kwa minyororo. Mwaka 2011 akiba ya Liberal ilizidi asilimia 30. Mwaka 2019 bado ilikuwa juu ya 20.

Tatizo la kipimo hiki ni kwamba kinahesabu usalama dhidi ya yule aliyekuwa wa pili safari iliyopita. Mwaka huo wa 2011 wa pili alikuwa mgombea wa Greens, chama cha mazingira. Akiba ya asilimia 30 dhidi ya Greens haikuambii chochote kuhusu siku atakapojitokeza jirani yako anayejulikana sokoni, asiye na chama, anayevaa na kuongea kama wewe. Naona hapa ndipo wengi wanapoisoma Pittwater vibaya, wakiwemo viongozi wa Liberal wenyewe.

Nani wamewahi kukishika?

Kiti kiliundwa kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba 1973, na wa kwanza kukikalia hakuwa mtu mdogo. Robert Askin alikuwa tayari Waziri Mkuu wa New South Wales tangu 1965, akiwakilisha kiti jirani cha Collaroy kilichofutwa. Alihamia Pittwater, akashinda, akastaafu mapema 1975. Akafuata Bruce Webster hadi 1978, kisha Max Smith hadi 1986, Jim Longley hadi 1996, na John Brogden hadi 2005. Wote waliingia kwa tiketi ya Liberal. Alex McTaggart, mgombea binafsi, alikaa kutoka Novemba 2005 hadi Machi 2007. Rob Stokes akakirudisha Liberal na kukikalia miaka 16, mpaka 2023. Rory Amon wa Liberal alikaa mwaka mmoja na nusu hivi. Tangu Oktoba 2024 mbunge ni Jacqui Scruby, mgombea binafsi na mwanamke wa kwanza kukishika kiti hiki.

Ukiisoma orodha hiyo haraka utaona chama kimoja kikitawala. Isome tena ukitazama namna watu walivyotoka. Askin aliondoka katikati ya muhula. Smith vilevile. Longley vilevile. Brogden vilevile. Amon vilevile. Kiti hiki kimeitisha chaguzi ndogo mwaka 1975, 1986, 1996, 2005 na 2024. Ni kawaida ya ngome: mbunge asiyeogopa kushindwa huondoka anapotaka, akijua chama kitapeleka mwingine na mambo yataendelea. Mara tatu yaliendelea. Mara mbili hayakuendelea.

Kuna jambo jingine linalofaa kushikwa kwa ajili ya 2027: Liberal haijawahi kupoteza Pittwater katika uchaguzi mkuu, hata mara moja. Mara zote mbili ilipoangushwa ulikuwa uchaguzi mdogo.

Max Smith alihama chama na kubaki mbunge?

Ndiyo. Alijitoa Liberal na kuendelea kukaa bungeni bila chama kabla ya kujiuzulu mwaka 1986. Msomaji wa Tanzania, ambako mbunge akivuliwa uanachama na kiti kinakwenda, atashangaa. Australia kiti ni cha mtu aliyechaguliwa. Chama hakina haki ya kukidai. Na mgombea binafsi anaruhusiwa kusimama kwa sheria ileile kama wa chama, kama ilivyo Kenya.

Kwa nini Labor haijawahi kushinda hapa?

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa Oktoba 1978. Labor ya Neville Wran, waziri mkuu wa New South Wales wakati huo, ilifagia jimbo lote la New South Wales kwa wimbi ambalo bado linasimuliwa. Katika fukwe hizohizo za kaskazini ilichukua Manly, ikachukua na Wakehurst, viti viwili vilivyopakana na himaya ya Liberal, na ikavishikilia mpaka 1984. Pittwater ikabaki. Chama kikishindwa kushinda mahali katika mwaka wake bora kuliko yote, kimepewa jibu.

Sababu si ngumu. Hakuna viwanda, nyumba za serikali ni chache, wengi wana nyumba zao na thamani yake imepanda mno, na mafundi wengi wanajiajiri. Mila za vyama vya wafanyakazi hazina mizizi huku. Lakini si matajiri watupu wala si wahafidhina wa kanisani. Ni watu waliochagua kuishi mbali na jiji kwa ajili ya bahari na msitu, na wanaulinda msitu huo kwa wivu. Mkandarasi mwenye ramani ya maghorofa huwatia homa kuliko mwanasiasa wa Labor. Hisia hiyo ya ulinzi haina chama cha asili, na kwa muda mrefu Liberal iliipata bure.

Mwaka 2005 ilikuwaje?

John Brogden alikuwa kijana aliyepanda haraka: mbunge tangu uchaguzi mdogo wa 1996, kiongozi wa upinzani mwaka 2002 akiwa na miaka 33. Alishindwa uchaguzi mkuu wa 2003 dhidi ya Bob Carr, waziri mkuu wa Labor, lakini nyumbani Pittwater alipeta. Agosti 2005, wiki chache baada ya Carr kustaafu, magazeti yakatoa habari za mwenendo wake katika hafla moja, ikiwemo kauli ya dharau kuhusu mke wa Carr, mzaliwa wa Malaysia. Akajiuzulu uongozi, kisha ubunge.

Chama kilikuwa na vita vya ndani kati ya mrengo wa kulia na wenye msimamo wa kati, na wakazi wengi waliamini kwamba kijana wao ameuzwa na wenzake. Halafu chama kikamteua Paul Nicolaou, mtu wa kuchangisha fedha za chama, ambaye watu wa rasi hii ya Pittwater walimwona mgeni. Upande wa pili akasimama Alex McTaggart, meya wa halmashauri ya Pittwater, mtu ambaye ungeweza kukutana naye Mona Vale ukimlalamikia kuhusu mtaro. Labor haikuweka mgombea, ikaacha uwanja wazi.

Tarehe 26 Novemba 2005 McTaggart alishinda. Kura zilihama kwa zaidi ya asilimia 20 katika muda wa miaka miwili na nusu. Kwa wanaodhani kura za ngome zimepigiliwa misumari, uchaguzi huo ni wa kusomwa kwa makini: hakuna aliyegeuka kuwa wa Labor, hakuna aliyebadili anavyofikiri kuhusu kodi. Walipata tu mtu wa kumpa kura bila kujisikia wamevuka mto.

Kwa nini McTaggart hakudumu?

Alikuwa na miezi 16 tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2007. Mbunge mpya asiye na chama anahitaji muda wa kujenga jina na timu, na miezi 16 inakwisha haraka. Hasira ya 2005 ilikuwa imepoa. Muhimu zaidi, Liberal ilijifunza: safari hii ilileta Rob Stokes, mwanasheria wa mipango miji na mazingira, mtu wa rasi hasa. Ilikuwa kama kumchukulia mpinzani silaha yake mkononi. Stokes akashinda.

Stokes alikifanya kiti kiwe salama, au kilikuwa salama chenyewe?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya ile akiba ilikuwa ya Stokes binafsi, ila kwenye vitabu iliandikwa kwa jina la chama.

Stokes alikuwa waziri wa mazingira, wa mipango, wa elimu, wa uchukuzi, kwa nyakati tofauti. Alikuwa mwanachama wa Liberal mwenye kusikika kuhusu mabadiliko ya tabianchi wakati chama chake huko Canberra kilikuwa kikivutana juu ya jambo hilo. Mpiga kura wa Avalon mwenye paneli za jua juu ya paa na shaka moyoni kuhusu chama hakuwa na sababu ya kutafuta mwingine, kwa sababu mbunge wake alikuwa akisema anayotaka kuyasikia.

Ndani ya chama hali ilikuwa nyingine. Oktoba 2021 Stokes aligombea uongozi wa chama, na kwa hiyo uwaziri mkuu, dhidi ya Dominic Perrottet. Akapata kura 5 kwa 39. Hesabu hiyo ilionyesha umbali uliokuwepo kati ya Liberal ya Pittwater na Liberal ya Bunge zima. Alipotangaza kwamba hatasimama tena 2023, umbali ule ukawa hauna mtu wa kuuficha.

Vuguvugu la wagombea binafsi lilianzia wapi?

Si Sydney. Lilianzia mashambani Victoria, katika kiti cha shirikisho cha Indi, ambako wakazi waliitana majumbani kuulizana wanataka mbunge wa namna gani kabla ya kumtafuta mtu. Mwaka 2013 mgombea wao Cathy McGowan akamwangusha mbunge wa Liberal. Mtindo huo ukasafiri. Mwaka 2019 Zali Steggall alimng'oa Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani, katika kiti cha Warringah, kusini tu mwa Pittwater. Mwaka 2022 wimbi likawa kubwa, na daktari wa familia, Sophie Scamps, akamshinda Jason Falinski wa Liberal katika Mackellar. Magazeti yaliwaita wote kwa rangi yao ya kampeni, ile kati ya kijani na buluu.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa 2022, mkazi wa Newport alikuwa tayari ana mbunge binafsi Canberra. Mara ya kwanza kumwacha mume ni ngumu. Ya pili watu wameshazoea kusema.

Mwaka 2023 Scruby alishindwa kwa kura ngapi, na kwa nini?

Kwa 606. Watu mia tatu na ushee wangebadili mawazo, matokeo yangegeuka. Akiba iliyozidi asilimia 20 ilibomoka hadi chini ya moja.

Sababu kubwa ya Amon kuponea chupuchupu iko kwenye karatasi ya kura. Katika chaguzi za shirikisho mpiga kura lazima awapange wagombea wote kwa namba: 1, 2, 3 hadi mwisho. Asipofanya hivyo kura yake imeharibika. New South Wales inaruhusu kuandika 1 peke yake na kuishia hapo. Mgombea wako akitolewa, kura yako nayo inatoka uwanjani, haihamii kwa mtu. Maelfu waliowapa Labor au Greens namba 1 hawakuandika namba 2. Kura zilizoishia njiani namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko pengo la 606. Chini ya kanuni za shirikisho, nadhani Scruby angeingia bungeni Machi 2023.

La pili ni fedha. New South Wales ina vikomo vya michango na matumizi ya kampeni, wakati uchaguzi wa shirikisho wa 2022 haukuwa na kikomo kama hicho. Vikomo hupunguza nguvu ya matajiri, na hilo ni jema, lakini humbana zaidi mtu mpya anayehitaji kwanza kujulikana kuliko chama ambacho jina lake liko midomoni tayari.

Wagombea wa rangi ileile walishindwa pia Manly, North Shore na Lane Cove mwaka huo. Lakini Wakehurst, mlango wa pili kutoka Pittwater, ilichukuliwa na Michael Regan, meya wa Northern Beaches, halmashauri inayojumuisha Pittwater, ambaye hakuwa wa kundi lile hasa. Meya tena. Fukwe hizi zina udhaifu kwa mameya.

Uchaguzi mdogo wa 2024 ulitokana na nini?

Amon alijiuzulu mwishoni mwa Agosti 2024 baada ya kufunguliwa mashtaka ya jinai, ambayo aliyakana. Kesi si mada yetu. Kwa siasa, kilichofuata kilikuwa mkosi juu ya mkosi. Mwezi huohuo ofisi ya Liberal ya jimbo ilikuwa imeshindwa kuwasilisha kwa wakati fomu za wagombea wake wengi wa uchaguzi wa serikali za mitaa, wakiwemo wa Northern Beaches. Fikiria: chama kilichotawala eneo kwa miongo mitano hakikuwa na majina kwenye karatasi ya kura ya halmashauri mwezi Septemba, kisha Oktoba kinarudi kwa wapiga kura walewale kuomba kura.

Kilimweka Georgia Ryburn, aliyewahi kuwa diwani. Labor haikusimamisha mtu, kama 2005. Tarehe 19 Oktoba 2024 zilifanyika chaguzi ndogo tatu kwa pamoja: Epping, iliyoachwa na Perrottet, Hornsby, iliyoachwa na Matt Kean, na Pittwater. Liberal ilizishika mbili za kwanza. Pittwater ikaenda kwa Scruby, wakili wa zamani aliyewahi kuwa mshauri katika ofisi ya Scamps, na safari hii haikuwa kwa kura za kuhesabu kwa vidole.

Wakazi wenyewe wanagombania nini?

Kwanza halmashauri. Pittwater ilikuwa sehemu ya Warringah mpaka wakazi wakapigania kujitenga, na mwaka 1992 wakapata halmashauri yao ndogo. Walijivunia. Mei 2016 serikali ya Mike Baird, Liberal mwenzao na mbunge wa Manly, ikaiunganisha kwa nguvu na Manly na Warringah kuwa Northern Beaches. Hakuna kura ya maoni iliyopigwa. Jeraha hilo halijafunga. Kundi la kudai kujitenga tena bado lipo, na sheria ya mwaka 2024 iliyoweka utaratibu wa kutenganisha halmashauri zilizounganishwa imelipa matumaini. Ukitaka kujua kwa nini mtu aliyeipa Liberal kura maisha yake yote aliacha, anzia hapa kabla ya tabianchi.

Pili hospitali. Mona Vale ilikuwa na hospitali yenye huduma za dharura juu ya ufukwe. Mwaka 2018 huduma hizo zilihamishiwa hospitali mpya ya Northern Beaches huko Frenchs Forest, iliyoendeshwa na kampuni binafsi ya Healthscope kwa mkataba na serikali ya jimbo. Mpango ulikuwa wa serikali ya Liberal na National. Malalamiko yalianza mapema, na mwaka 2025 Healthscope ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Serikali ya Labor ya Chris Minns ikakubaliana kuirudisha hospitali kwenye umma. Kwa mgombea wa Liberal mwaka 2027 hili ni swali litakaloulizwa kila mlango.

Tatu barabara: Mona Vale Road, na Wakehurst Parkway ambayo hufurika mvua ikizidi na kukata njia ya kwenda hospitali hiyohiyo. Handaki la Beaches Link, lililoahidiwa kuunganisha fukwe na jiji, liliwekwa kando. Wapo waliohuzunika. Wapo waliofurahi kimyakimya, kwa kuwa barabara nzuri huleta wageni.

Mipaka ya kiti itabadilika kabla ya 2027?

Hapana. New South Wales huchora mipaka upya baada ya kila chaguzi kuu mbili. Mipaka ya sasa ilitumika mara ya kwanza 2023.

Labor inafaidika nini kwa kukaa pembeni?

Sana. Kila kiti ambacho Liberal inapoteza kwa mgombea binafsi ni hatua moja mbali na wingi bungeni, na Labor haitumii hata senti. Minns aliingia madarakani 2023 akiwa na viti 45 kati ya 93, pungufu ya nusu. Kwenye bunge la namna hiyo wabunge wasio na chama husikilizwa. Lakini katika uchaguzi mkuu Labor huweka mgombea kila mahali, kwa sababu inahitaji kura za baraza la juu, ambalo huchaguliwa jimbo zima. Hapo ndipo tatizo la namba 1 pekee litakaporudi.

Nani ana nafasi nzuri zaidi Machi 2027?

Uchaguzi ni tarehe 13 Machi 2027. Nikilazimishwa kusema, Scruby, ila si kwa mbali.

Upande wake: atakuwa na miezi 29 kazini, karibu mara mbili ya McTaggart. Ana mtandao wa wafanyakazi wa kujitolea uliokwisha kushinda Mackellar mara mbili, kwani Scamps alirudi Mei 2025 akiwa na nguvu zaidi. Karatasi yake sasa ina jina la mbunge, si la mtu anayetafuta kuwa mbunge. Na mpiga kura wa Labor anayejua hesabu anajua pia wapi pa kuiweka kura yake.

Upande wa Liberal: kiti hakijawahi kupotea katika uchaguzi mkuu, na uchaguzi mkuu huwauliza watu swali tofauti. Mdogo unauliza nani akuwakilishe. Mkuu unauliza pia nani atawale. Kuna watu waliompa Scruby kura Oktoba 2024 kwa hasira na chama, ambao wangependa Minns aondoke. Novemba 2025 Liberal ilimchagua Kellie Sloane, mbunge wa Vaucluse, kuwa kiongozi badala ya Mark Speakman. Ni mwanamke wa Sydney, mtangazaji wa zamani wa televisheni, msimamo wa kati: kama kuna kiongozi anayeweza kuongea na Avalon bila mkalimani, ni wa namna hiyo. Na kura za namba 1 pekee zitaendelea kumsaidia yeyote anayeongoza hesabu ya kwanza, ambaye mara nyingi hapa amekuwa Liberal.

Mgombea wa Liberal ndiye atakayeamua mengi. Wakileta mtu wa rasi, wa mfano wa Stokes, itakuwa vita ya kura mia chache. Wakileta mtu aliyepewa kiti kama zawadi ya kundi fulani ndani ya chama, wataona 2005 tena.

Usiku wa matokeo nitazame nini?

Acha kwanza sanduku la Scotland Island. Ni dogo, huhesabiwa haraka, na halitabiri kitu. Tazama Mona Vale na Newport, ambako watu ni wengi. Kisha tazama kura ya kwanza ya Liberal: mwaka 2023 ilikuwa chini ya nusu na bado ikatosha, kwa hiyo kushuka chini ya 50 si habari yenyewe. Habari ni pengo kati ya Liberal na Scruby kabla ya kura za waliotolewa kuhamishwa. Likiwa dogo, Scruby amepita.

Na usiamini saa mbili usiku. Kura zilizopigwa siku za kabla na zile za posta huingia baadaye, na huku huwa za watu wazima zaidi na zenye kuelemea Liberal. Mwaka 2023 wengi walilala wakiwa na mbunge mmoja, na hesabu ikaendelea kwa siku kadhaa mpaka akapatikana mwingine.